Picha za Bwindi kutoka na ukungu? Tazama kasi ya shata
Ukienda msitu wa Bwindi, Uganda, kuwapiga picha sokwe wa milimani, usiiachie kamera iamue kila kitu. Mle msituni mwanga ni hafifu hata saa sita mchana, na fleshi hairuhusiwi. Kamera ikiwa kwenye oto (inajipangia yenyewe) huchelewesha shata, yaani kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga; mkono unatikisika kidogo tu, picha inatoka na ukungu, imeharibika. Halafu lawama anapewa aliyekuuzia lenzi!

Kanuni ya zamani bado inafaa: lenzi ya milimita 200 inataka kasi ya shata ya angalau 1/200 ya sekunde, na kwa kamera yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa picha), 1/320. Hiyo ni kwa ajili ya mkono wako. Mtoto wa sokwe anayerukaruka matawini anataka 1/500 au zaidi. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200 bila woga. Chengachenga zitakazotokea kwenye picha zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi weka kwenye jicho, maana kamera hupenda sana kung'ang'ania majani yaliyo mbele.

Hata ukifanya yote hayo, nyingi zitatoka na ukungu. Piga mfululizo, uzikuze kwenye skrini, zenye kope zinazoonekana wazi zihifadhi, zilizobaki futa.