Kutapika Kupita Kiasi Katika Ujauzito: Maji Kwanza, Chakula Baadaye

Mjamzito anayetapika huambiwa na mama mkwe, majirani na hata muuza duka la dawa kwamba ni mimba changa na itapita. Kwa wengi ni kweli, kwani hali hiyo hupungua kati ya wiki ya 16 na ya 20. Lakini yule ambaye hata maji hayakai tumboni, mkojo wake ni mchache na wa rangi nzito, au amepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake wa awali, yaani kilo 3 kwa aliyekuwa na kilo 60, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa wa Dar es Salaam iwe Amana, Temeke au Mwananyamala. Homa au maumivu wakati wa kukojoa yasisingiziwe mimba. Apimwe malaria na mkojo, na afanyiwe ultrasaundi, kwa kuwa mapacha na mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida inayoota vifuko kama zabibu, huzidisha kutapika.

Nyumbani, maji ndiyo ya kwanza. Anywe vijiko viwili vitatu kila baada ya dakika chache badala ya glasi nzima kwa mkupuo. Pakiti ya ORS ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, na maji ya dafu yanafaa pia, kwani yana potasiamu, madini yanayopotea kwa kutapika. Chakula kiwe kidogo na cha mara kwa mara: kipande cha muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha kilichopoa, au mkate mkavu kabla hajainuka kitandani. Kilichopoa hakina harufu kali, jambo lenye uzito katika nyumba za kupanga ambako majiko yote yako koridoni na samaki wa jirani hukaangwa mlangoni pako.

Upungufu unaotisha zaidi ni wa thiamini, yaani vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini huisha ndani ya wiki chache. Aliyetapika muda mrefu akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa thiamini anaweza kudhurika ubongo, na dalili zake ni kuchanganyikiwa, kuona viwili viwili na kuyumba anapotembea. Kwa hiyo anayemsindikiza amweleze daktari ni siku ngapi mgonjwa hajala, kisha aulize kama thiamini itatangulia. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Dawa za kuzuia kutapika zipo na hutumika kwa wajawazito, ila ziandikwe na daktari.

Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki huwa na madini ya chuma pamoja na foliki asidi, na chuma hicho huweza kuchochea kichefuchefu. Asivitupe kimyakimya, kama wengi wanavyofanya, bali amwombe muuguzi foliki asidi pekee, miligramu 0.4 kwa siku, hadi tumbo litulie. Udongo wa kula unaouzwa sokoni, hata kama unapunguza mate mdomoni, huzuia chuma kufyonzwa na unaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu au mayai ya minyoo. Kipande cha ndimu kinatosha kwa kazi hiyo. Atakaporudia vidonge, avimeze usiku pamoja na maji ya chungwa, mbali na chai ya rangi au ya maziwa.