Namna ya Kuhamishia DVD za Nyumbani kwenye Kompyuta Mpakato Kabla ya Safari ya Nje

Mtu anayekwenda kusoma au kufanya kazi nje ya nchi kwa miaka miwili mitatu hukumbuka DVD zake siku za mwisho, wakati sanduku limeshapimwa na kilo zimeshajaa. Hapo hushawishika kuzitumbukiza kama zilivyo kwenye begi la mkononi, akidhani kuwa atazitazama huko huko. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa siku hizi hazina mlango wa DVD, na hata akipata deki ugenini, huenda isimsaidie. DVD za filamu zinazouzwa madukani hugawanywa kwa maeneo yenye namba: Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika zimo eneo namba 5, Oman, Falme za Kiarabu na nchi za Ulaya Magharibi zimo namba 2, na Marekani pamoja na Kanada ni namba 1. Draivu ya kompyuta hukubali kubadilishiwa eneo mara 5 tu, kisha hubaki kwenye lile la mwisho. DVD ya harusi aliyoichoma mpiga video wa mtaani kwa kawaida haina kizuizi hicho, lakini ina jambo lake: zetu nyingi zimerekodiwa kwa mfumo wa PAL, yaani picha 25 kwa sekunde zenye ukubwa wa nukta 720 kwa 576, ilhali Marekani hutumia NTSC, na deki nyingi za huko hazichezi PAL. Kompyuta hucheza mifumo yote miwili bila shida, ndiyo maana inafaa zaidi kusafiri na nakala kuliko kusafiri na DVD yenyewe.

Maelezo yanayofuata yanahusu DVD ulizo na haki ya kuzinakili: harusi, send-off, maulidi, ubarikio, mahafali, misiba, na video za familia kwa jumla. Filamu za kampuni kubwa mara nyingi zimefungwa kwa kufuli la kielektroniki, na kulivunja ni kosa katika nchi kadhaa hata kama DVD umeinunua kwa fedha yako. Marekani ina sheria hiyo tangu mwaka 1998. Uingereza iliruhusu watu kunakili vitu vyao kwa matumizi binafsi mnamo Oktoba 2014, na Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015. Kwa filamu za namna hiyo ni nafuu kuzilipia kwenye mtandao unaozionyesha kihalali huko uendako.

Anza na DVD ambazo haziwezi kununuliwa tena, na uanze walau wiki tatu kabla ya safari. Kosa la kuanza na zile unazopenda kutazama nililifanya mwenyewe. Nilimaliza siku nne nikinakili michezo ya kuigiza, nikaiacha harusi ya dada yangu ya mwaka 2009 hadi usiku wa kuamkia safari, na ilipofika dakika ya 71, ndafu ikiwa imeshaingizwa ukumbini na watu wanaicheza, picha ikaganda na draivu ikaanza kugugumia. Nilisafiri na nusu ya harusi. Iliyobaki niliipata mwaka uliofuata niliporudi likizo, kwa njia nitakayoieleza hapa chini.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Utahitaji draivu ya DVD ya nje inayochomekwa kwenye USB, diski ya nje ya kuhifadhia, na programu mbili za bure, VLC ya kutazamia na HandBrake ya kubania, yaani kupunguza ukubwa wa mafaili. Draivu uichomeke moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, wala usiipitishe kwenye kigawanyio chenye matundu manne, kwa sababu injini yake huvuta umeme mwingi inapoanza kuzunguka, na umeme ukipungua DVD nzima itaonekana mbovu kumbe haina tatizo. Diski ya nje uiandae kwa mfumo wa exFAT, kwa kuwa ule wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4. DVD ya kawaida ina GB 4.7 kwenye boksi lake, na Windows itakuonyesha kama GB 4.38 kwa kuwa inahesabu kwa 1024 badala ya 1000, usidhani umeibiwa. Ile ya tabaka mbili hufika GB 8.5. Kwa hiyo DVD 40 zilizojaa zitadai takriban GB 180, na kompyuta yenye GB 256 ambayo tayari ina mambo yake haitazibeba kabla hujazibana.

Kabla ya kuichomeka, itazame DVD kwenye mwanga. Alama za vidole na vumbi zifute kwa kitambaa laini cha miwani, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika sehemu ndefu ya data mfululizo na draivu haiwezi kuisahihisha. Wengi hupaka dawa ya meno; mimi sishauri. DVD husomwa kutoka ndani kuelekea nje, hivyo DVD iliyojaa ikiwa na michubuko ukingoni, panaposhikwa na vidole, itaanza vizuri na kukwama mwishoni, na hicho ndicho kilichoipata ndafu ya dada. Ikiwa imebandikwa karatasi yenye picha ya maharusi, usiibandue hata kama imeanza kuinuka, kwani unaweza kuondoka na tabaka lililo chini yake. Igandamize vizuri na uisome taratibu.

Sasa kunakili. Ukiifungua DVD kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili yanayoishia na IFO, BUP na VOB. Picha na sauti zimo kwenye VOB, na kwa kuwa faili moja la VOB halizidi GB 1, harusi ya saa mbili hukatwa vipande vipande: VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea, huku ile yenye 0 ikibeba menyu. Nakili folda nzima kama ilivyo, usichague. Wapo wanaochukua kila kipande cha VOB na kukibana peke yake, kisha wanashangaa mshenga anakatwa katikati ya sentensi, maana mpaka wa kipande haujali nani anazungumza. Kwenye diski ya nje tengeneza folda yenye jina linaloeleweka, kwa mfano 2009-Harusi-Dada-Moshi-1, uiweke VIDEO_TS humo ndani, kisha ulipige picha jalada la DVD na kuiweka hapo hapo. Jalada lina tarehe, jina la ukumbi, na mara nyingi namba ya simu ya mpiga video, ambaye pengine bado anazo kanda zenyewe. Wangu nilimpata, akanijibu kwa upole kwamba kanda hizo alishazirekodia harusi nyingine.

Nakala ikimalizika, fungua VLC, cheza folda hiyo kutoka kwenye diski ya nje, na uruke hadi dakika tano za mwisho. Ni hatua ambayo watu huiruka kwa sababu mwanzo umecheza vizuri, na ndiyo inayofichua kasoro.

Ikiwa kompyuta itagoma kunakili na kuleta ujumbe wa hitilafu, usirudie mara kumi, kwa kuwa kila jaribio huichosha draivu na kukuacha pale pale. Jaribu kwanza draivu nyingine. Draivu hutofautiana sana kwa uwezo wa kusoma DVD zilizochoka, na ile nzito ya kompyuta ya mezani ya zamani mara nyingi huishinda nyembamba ya USB. Ikishindikana, tumia ddrescue, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure ambao unaweza kuuwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Kwenye Ubuntu kifurushi chake huitwa gddrescue. Amri zake huandikwa kwenye dirisha la Terminal, na /dev/sr0 ni jina ambalo Linux huipa draivu ya DVD. Amri ya kwanza huchukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuyaruka maeneo mabovu:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Ya pili huyarudia yale yaliyorukwa, mara tatu kila moja:

ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Siri iko kwenye lile faili la map. Humo imeandikwa sehemu gani imeshapatikana na ipi bado, kwa hiyo unaweza kuitoa DVD, kuipeleka kwenye kompyuta nyingine pamoja na mafaili hayo mawili, na kuirudia amri ile ile. Draivu ya pili itahangaika na sehemu zilizobaki tu. Harusi ya dada ilisomwa na draivu tatu, ya mwisho ikiwa ya kompyuta iliyokuwa inatumika kuzuia mlango kwenye duka la vifaa chakavu, na kilichopotea hatimaye kilikuwa chini ya sekunde nne. Faili la ISO linalotokea ni DVD nzima ndani ya faili moja, na VLC hulicheza kama lilivyo.

Kwenye makusanyo ya Pwani utakutana pia na VCD, hasa za taarab na mawaidha, ambazo kwa sura zinafanana na DVD. Video yake imo kwenye folda ya MPEGAV kama faili la DAT, na VLC hulicheza. Picha yake ni ndogo, nukta 352 kwa 288, na hakuna programu itakayoifanya iwe bora. Tahadhari moja: data ya DVD imefichwa katikati ya vipande viwili vya plastiki, lakini ya VCD iko juu kabisa, chini ya rangi ya upande wenye maandishi, hivyo mkwaruzo wa upande huo hauna dawa. Usiiandikie kwa kalamu ya bolpeni.

Kubana kunafuata baada ya DVD zote kuwa zimenakiliwa, si kabla. Fungua HandBrake, uielekeze kwenye folda ya VIDEO_TS au faili la ISO, na uchague kichwa (Title) chenye muda mrefu zaidi, kwa kuwa vile vya sekunde chache ni menyu na matangazo ya studio. Chagua muundo wa faili wa MP4 na njia ya kubania ya H.264, na ubora unaoandikwa RF uuweke kwenye 20. Kwenye vichujio washa Deinterlace, la sivyo kila anayecheza atakuwa na michirizi kama meno ya kitana pembezoni mwa mikono, kwani kamera za wakati ule ziligawa kila picha kwa mistari ya shufwa na ya witiri. Usiongeze ukubwa wa picha kufikia HD. Faili litanenepa bila sura za watu kuongezeka uwazi. Harusi ya saa mbili itashuka kutoka GB 4.4 hadi GB 1 au 2, na kompyuta ya kawaida huimaliza kwa nusu saa au zaidi kidogo, kwa hiyo zipange nyingi kwenye foleni jioni, uchomeke chaji, ukalale.

Mafaili ya MP4 ndiyo yaingie kwenye kompyuta mpakato, nayo isafiri kwenye begi la mkononi. Diski ya nje yenye nakala kamili mwachie ndugu asiye na mazoea ya kuazimisha vitu, na umwonyeshe namna ya kuifungua wewe ukiwa bado upo. DVD zenyewe zirudi kwenye makasha yake, zisimamishwe wima kabatini, mbali na jua la dirishani. Siku mbili kabla ya safari, zima intaneti, chomoa kila kitu, na ucheze faili moja moja kwenye kompyuta hiyo kwa dakika moja, ukiruka hadi mwishoni.