Kitabu kipya cha mtoto: mjaribishe dukani kwanza

Wazazi wenzangu wa Mbeya na Iringa, likizo ya Juni na baridi yake watoto hujifungia ndani, na ukizubaa bando lako ndilo litaliwa. Ukienda kununua kitabu cha hadithi, iwe Mwanjelwa au Miyomboni, nenda naye mwenyewe. Fungua ukurasa wa katikati asome kwa sauti, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kirudishe rafuni. Asipokunja hata kimoja, kitabu ni chepesi, ila kwa mtoto asiyependa kusoma mimi ningekichukua hichohicho.

Wa sekondari tazama umri wa mhusika: awe rika lake au amzidi kidogo. Mtoto wa kidato cha pili hataki kusoma habari za darasa la nne. Na kitabu chenye mawaidha kila sura, hayo si tunampa wenyewe kila siku?

Mfuko ukigoma, tovuti ya African Storybook ina hadithi za picha za Kiswahili, bure, zimepangwa kwa ngazi. Za ngazi ya kwanza zina neno moja au sentensi fupi kila ukurasa, kwa hiyo mkubwa anaweza kumsomesha mdogo wake.