Jinsi ya Kuotesha Geum triflorum kwa Mbegu

Geum triflorum ni ua la mwituni la kudumu, la familia ya waridi, ambalo asili yake ni nyika za Kanada na za kaskazini mwa Marekani. Hapa Minnesota huchanua kuanzia majira ya kuchipua, kila bua likibeba kwa kawaida maua matatu ya rangi ya waridi iliyokolea, yaliyoinama. Yakishachavushwa, mabua husimama wima na kutoa vishungi laini vinavyofikia sentimita 5, ambavyo kwangu vinapendeza kuliko maua yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kukusanya mbegu, kwa ruhusa ya mwenye shamba, vishungi vinapokauka na kung'oka kwa kuguswa tu. Zikipandwa mara moja huota kwa urahisi zaidi. Zilizohifadhiwa zichanganye na mchanga wenye unyevu kidogo, uziweke ndani ya jokofu kwa wiki nne hadi sita, kisha uzisie kwenye trei na kuzifunika kwa udongo mwembamba sana.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo inayoamua yote, ni kuchagua mahali. Mmea huu hustahimili baridi kali na ukame, lakini hauwezi kuvumilia maji yanayotuama kwenye mizizi wakati wa baridi, kwa hiyo chagua mahali penye jua la kutosha na udongo wa kichanga au wa changarawe, na kama udongo wako ni mfinyanzi mzito, inua tuta kabla ya kupanda. Usitie mbolea, kwa sababu rutuba nyingi hunufaisha nyasi ndefu zilizo jirani, nazo zitaufunika mmea ambao hata ukichanua hauzidi sana sentimita 40.

Pandikiza miche ikiwa na mizizi imara, kwa nafasi ya sentimita 30, uimwagilie mwaka wa kwanza na kuipalilia kwa mkono. Usitarajie maua kabla ya mwaka wa pili.

Baada ya miaka michache mashina yanayotambaa chini ya udongo huwa yamesongamana. Mapema katika majira ya kuchipua, chimbua fungu zima, likate kwa kisu kikali ili kila kipande kibaki na mizizi na machipukizi, kisha upande vipande hivyo siku hiyohiyo, katika kina kilekile cha awali.