Kwelea kwelea hana ratiba: namna ya kuamia mpunga

Kila msimu kuna mtu hapa Magu huniuliza, "Shangazi, kwelea watakuja lini?", utadhani anauliza basi la Musoma.

Kwelea ni ndege anayefuata mbegu za nyasi. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zilizolala ardhini huota na chakula chake kinakwisha. Hapo huipita mvua, akatue kule ilikotangulia kunyesha, ambako nyasi zimeshazaa. Ndiyo maana mwaka huu humwoni kabisa, mwakani anga linakuwa kama moshi.

Kwa hiyo kabla hujajenga dungu la kuamia, yaani la kufukuzia ndege, tembea. Mpunga ukianza kuchanua, nenda mbugani upuruze nyasi kwa mkono. Kiganja kikijaa mbegu, ndege bado ana chakula chake. Ukipata makapi, ghala linalofuata ni jaruba lako.

Minya punje. Ikitoa maziwa, usikose shambani hata siku moja. Kwelea hafiki gramu 30, lakini hula hadi gramu 10 kwa siku. Ndege 1,000 ni kilo 10. Kaa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, kisha saa 9 alasiri hadi jua lizame. Jua likiwa kali wanapumzika vichakani, nawe kapike. Mwaka mmoja nilitoka msibani nikafika saa 3. Mashuke yalikuwa yamesimama wima. Shuke lenye punje huinama, sikuhitaji kuambiwa.

Utepe wa kaseti ukiutanda juu ya mpunga kuwatisha huvuma vizuri kwa upepo wa ziwani, ila uhamishe mara kwa mara, wakiuzoea wanatua juu yake. Fyeka nyasi za kwenye matuta kabla hazijakomaa. Na panda pamoja na majirani, kwa sababu shamba linalotangulia au kuchelewa peke yake hubeba ndege wote.

Jioni fuatilia makundi yanakoelekea. Hulala pamoja kwenye matete au vichaka vya miiba. Usiende na kiberiti. Mpeleke afisa ugani apaone, maana wanaonyunyizia dawa hulenga malalo, si jaruba lako.

Wakishanyunyizia, ndege waliokufa wasiokotwe, hata kama mboga imekosekana nyumbani, kwani sumu imo ndani yao. Waambie watoto mapema, wao ndio hutangulia na ndoo.