Jino likikupata ughaibuni: lini usubiri, lini ukimbie

Gego langu la chini kushoto liliamka usiku wa Jumamosi, mwaka wangu wa pili England. Nikafanya ambacho mtu yeyote aliyekulia kwetu angefanya: nikavaa koti nikaenda hospitali. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kwa muda wa saa sita, chupa ya maji baridi nimeibana shavuni, mpaka nesi akaniita, akanichungulia mdomoni na kuniambia kwa upole kwamba pale hawang'oi meno. Akanipa vidonge viwili vya kutuliza maumivu na namba ya simu ambayo ningeweza kuipiga nikiwa kitandani kwangu.

Kwetu hospitali ya wilaya ina chumba cha meno. Unafika asubuhi, unalipia, unachomwa ganzi, saa nne uko nyumbani na pamba mdomoni. Huku meno yana njia yake: kliniki yake, bima yake, bili yake. Idara ya dharura ya hospitali inakuwa na kazi na jino lako pale tu linapotishia pumzi, linapomwaga damu isiyokatika, au taya linapovunjika. Kwa hiyo kabla hujauliza linauma kiasi gani, nenda kwenye kioo uangalie kama pamevimba.

Jino bovu likiachwa, vijidudu hushuka kwa njia ya mzizi hadi kwenye mfupa na usaha unajikusanya. Ukipata pa kutokea kwenye ufizi, utaona kijipu na kuonja uchungu mdomoni, na maumivu yanapungua ghafla. Hapo ndipo wengi wetu tunasema limepoa. Halijapoa, limepumua tu. Usaha wa magego ya chini ukikosa pa kutokea, unaweza kuteremka chini ya ulimi na chini ya taya, kwenye nyama laini ambako hakuna mfupa wa kuuzuia. Sakafu ya mdomo inainuka, ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inabanwa. Ugonjwa huo una jina la Ludwig, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1836, na hadi leo unaua.

Dalili zake zinaonekana hata kwa asiye daktari. Mtu anashindwa kumeza mate, yanamtoka. Anaongea kama ana muhogo wa moto mdomoni. Mdomo haufunguki hata vidole viwili kupita. Uvimbe umeteremka shingoni, au umepanda hadi jicho linafumba. Ana homa na anatetemeka. Moja tu kati ya hizo inatosha: Uingereza piga 999, nchi za Umoja wa Ulaya 112, Marekani na Kanada 911. Usisubiri kukuche, wala usishike usukani mwenyewe.

Uvimbe mdogo kwenye ufizi, bila homa, ukiwa unameza na kupumua vizuri, ni haraka pia, lakini ni wa daktari wa meno, leo au kesho.

England namba ni 111, bure, saa 24. Huhitaji kuwa umeandikishwa kwenye kliniki yoyote ili upate miadi ya dharura. Kuanzia Aprili 2025 miadi hiyo kwa NHS, huduma ya afya ya umma, ilikuwa pauni 27.40, walio chini ya miaka 18, wajawazito na waliojifungua ndani ya miezi 12 hawalipi. Ile ada ya afya uliyolipia pamoja na viza haikuondolei malipo ya meno, jambo ambalo wanafunzi wengi huligundua wakiwa kaunta. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili, hutozwi.

Na ukipiga, acha adabu ya nyumbani kidogo. Sisi tumezoea kujibu "sijambo" hata tukiwa hoi, na anayepokea simu anaandika unachosema. Sema usiku umelala au hukulala, pamevimba wapi na tangu lini, umekunywa dawa gani na ngapi. Sema kama una kisukari, una mimba, au unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi.

Marekani, sheria ya mwaka 1986 inailazimu idara ya dharura ikupime hata kama huna senti, lakini bili itakufuata nyumbani, na kwa jino lisilo na hatari utatoka na antibayotiki na dawa ya maumivu, jino likiwa palepale. Nafuu iko kwenye vituo vya afya vya jamii, ambavyo hutoza kulingana na kipato, na kwenye vyuo vya udaktari wa meno, ambako mwanafunzi anakutibu mwalimu akimsimamia. Inachukua muda mrefu, ila wanakuwa waangalifu mno.

Dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba wana shida nyingine: ruhusa ya kutoka. Ukiwa huko, piga picha ya uvimbe asubuhi na jioni, umwoneshe mwajiri. Picha mbili zinazotofautiana huongea kuliko Kiarabu cha kubabaisha. Weka picha ya kitambulisho chako cha ukaazi kwenye simu. Zile dalili za hatari zikitokea, namba ya dharura Oman ni 9999; ambulansi Saudia ni 997 na Falme za Kiarabu 998.

Sasa dawa, maana hapa ndipo tunapojiumiza. Parasetamoli, ile tunayoiita Panadol, kwenye boksi la Marekani huandikwa "acetaminophen" na wengi huijua kama Tylenol. Ni kitu kilekile. Ukimeza Panadol ulizokuja nazo kisha ukaongeza Tylenol, na juu yake dawa ya mafua ambayo nayo inayo ndani, ini ndilo linalolipa. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na kama boksi linasema pungufu, fuata boksi. Kwa jino, ibuprofeni pamoja na parasetamoli hutuliza kuliko moja peke yake, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au pumu inayochochewa nayo aiache ibuprofeni. Aspirini usiiweke juu ya ufizi, inaunguza. Mafuta ya karafuu yanasaidia kweli: tone moja kwenye pamba, juu ya jino lenyewe. Ukiyamimina kama mchuzi nayo yanaunguza.

Na ile antibayotiki ya amoksilini iliyobaki kwenye sanduku tangu Kariakoo iache. Haifiki kwenye kiini cha jino kilichooza. Lazima jino lifunguliwe au ling'olewe.

Ajali ni habari nyingine, na hapa dakika zinahesabika. Mwaka jana mtoto wa jirani yetu, Wakongo wa Bukavu, golikipa wa miaka kumi na moja, aligongana na mwamba wa goli na jino la mbele likaruka lote na mzizi wake. Mama yake alilikunja ndani ya tishu kavu, jambo ambalo huua chembe hai za kwenye mzizi. Tukakimbilia kwenye kibanda cha chai, tukaomba maziwa baridi kwenye kikombe, tukalitumbukiza. Ningekuwa na ujasiri ningefanya lililo bora zaidi: lishike sehemu ya kutafunia, usiguse mzizi, kama lina uchafu, lisuuze kwa maziwa au maji baridi kwa sekunde kama kumi bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa, muende kwa daktari ndani ya nusu saa, saa moja ikizidi sana. Hiyo ni kwa jino la ukubwani. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuumiza jino linalokuja chini yake.

Damu baada ya kung'oa: uma shashi safi kwa nguvu dakika ishirini bila kuchungulia, na siku ya kwanza usisukutue. Ikiendelea kutiririka, piga simu. Maumivu makali yanayoanza siku ya pili hadi ya nne, na harufu mbaya, ni bonge la damu lililotoka tunduni. Rudi kwa aliyeling'oa akusafishe na kuweka dawa.

Kizibo kikitoka au kofia ya jino ikichomoka bila uvimbe, tulia. Dukani kwa mfamasia huuzwa dawa ya kuzibia kwa muda; gundi ya viatu haihusiki. Na kama unapanga kutengenezea nyumbani Desemba kwa sababu ya bei, kama ninavyofanya mimi, mwone daktari wiki ya kwanza ukifika. Kutibu mzizi kunaweza kuchukua vikao viwili au vitatu, kofia inamsubiri fundi wa maabara, na ikikaribia Krismasi kliniki nyingi zinafunga.