Somo: Desemba ushago, Januari wodini? Jinsi ya kumkinga mtoto wa Nakuru na malaria ya likizo

Wazazi wenzangu, shule zimefungwa na mizigo inafungwa. Somo hili ni la familia zinazoishi huku juu, Nakuru, Njoro, Molo, ambazo Krismasi hushuka Busia, Siaya, Vihiga, Kakamega au Homa Bay. Nitapitia barabara na chakula, lakini nitakaa zaidi kwenye malaria, kwa sababu ndiyo tunayoipokea wodini Januari.

Kwanza sababu. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, ni kama 1,130. Penye baridi, kijidudu cha malaria hukomaa polepole ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla hawajaweza kuambukiza mtu. Kwenye joto la ziwani mambo huenda mbio. Binamu wa Bondo aliyekwisha kuvuka utoto ameumwa mara nyingi, mwili wake umejenga kinga kiasi. Wako hana hata chembe. Na wewe uliyekulia huko usijipige kifua: kinga hiyo hufifia ukikaa miaka bila kuumwa.

Hatua ya 1: Kabla ya kuondoka

Piga simu nyumbani uulize mtalala wapi, wala usiulize tu kama neti zipo. Neti za mgao huwa zinawatosha wenyeji. Wajukuu kumi na wawili wakiteremka kwa siku moja, hesabu inavunjika. Nunua za kwenu zenye dawa. Neti mpya itandaze kivulini mchana na usiku mzima kabla ya kulalia, usoni isiwashe. Usiianike juani, dawa inaisha nguvu.

Beba pia misumari na kamba. Wengi hufika na neti nzuri, wakakosa pa kuifungia, ikaishia kuwa mto.

Dawa za presha na sukari chukua za siku zote za safari na za ziada, maana tarehe 25 na 26 kemisti nyingi za sokoni zimefungwa. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, na kama hamjajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, bonyeza *147# mkiwa bado na mtandao mzuri.

Hatua ya 2: Njiani

Safiri mchana. Kipande cha Salgaa, Sachangwan na Migaa tunakijua sote kwa ajali; alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa. Nauli ya Desemba inauma, lakini mlipie mtoto kiti chake. Kumpakata si kumfunga mkanda.

Hatua ya 3: Jioni

Mbu wa malaria huanza kazi jua likizama na huendelea hadi alfajiri. Sasa fikiria jioni zetu za Desemba: kuku anachomwa nje, watoto wanacheza kati ya migomba, wazee wako chini ya mwembe, kuna matanga kwa jirani, halafu kesha la mwaka mpya kanisani. Yote haya ni nje ya neti. Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni mtoto aogeshwe, avae suruali ndefu, soksi na mikono mirefu, apakwe dawa ya kufukuza mbu inayofaa umri wake. Akilalia begani kwako matangani, mpeleke ndani. Hakuna jirani atakayekasirika.

Hatua ya 4: Kulala

Hapa ndipo mpango huharibikia. Watoto hutandikiwa magodoro sebuleni, wakalala mzungu wa nne, na neti ya kitanda haiwafikii. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, shusha neti kubwa mbili zipishane katikati, kisha chomeka ncha chini ya godoro pande zote. Mtoto anayelala akigusa neti huumwa kupitia matundu, basi wale wanaogaagaa waweke katikati. Nyumba nyingi zina mwanya kati ya ukuta na paa; mbu huingilia hapo, kwa hiyo kufunga mlango mapema peke yake hakusaidii sana.

Mkilala Molo au Mau Summit njiani, usiingize jiko la makaa chumbani kwa ajili ya baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Hatua ya 5: Maji na ziwa

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Akiharisha, mpe ORS (ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji) na zinki, na soma pakiti: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima. Kuoga ziwani kwa watoto mimi nasema hapana. Kuna kichocho, kuna kiboko, na kuna kuzama.

Hatua ya 6: Mwili ukichemka

Apimwe ndani ya saa 24. Usimpe dawa ya kutuliza homa ukangoja "tuone kesho". Kipimo kikionyesha malaria atapewa AL (vidonge vya artemether na lumefantrine) kwa uzito wake, dozi sita kwa siku tatu. Ya pili ni masaa manane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ndipo dawa inapoingia mwilini vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, apewe dozi hiyo tena. Degedege, kulegea, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, mkojo mweusi: hapo hakuna kungoja boda ya bei nafuu, ni hospitali mara moja.

Hatua ya 7: Mkisharudi

Malaria kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine hadi mwezi. Ina maana aliyeumwa mkesha wa mwaka mpya ataugua akiwa ameshavaa yunifomu. Nakuru, homa ya Januari huitwa mafua. Mfikapo kliniki, neno la kwanza liwe: "Tulikuwa Siaya." Bila hilo huenda hatapimwa.

Maswali ya wanachama

Mama Tasha: Sista, nina mimba ya miezi mitano na naenda Butere wiki tatu. Kliniki yangu Nakuru hawajanipa zile dawa za kuzuia malaria.

*Jibu:* Hawajakosea, mama. Dawa hizo, SP, hutolewa kliniki za wajawazito katika kaunti za ziwani na pwani, kuanzia wiki ya 13, zikiachana angalau mwezi. Ukifika Butere nenda na kijitabu chako uwaeleze. Kama unameza Septrin kila siku, waambie kwanza, kwani hizo mbili hazichanganywi. Neti kila usiku, hata joto likizidi.

Baba Ryan: Na ile chanjo ya malaria, naweza kumchanja mtoto tukifika tu?

*Jibu:* Haifanyi kazi kwa haraka hivyo. Ilianza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, na ratiba yake ilikuwa miezi 6, 7, 9 na 24. Ni ya watoto wanaoishi huko.

Mama Pendo: Wangu ana selimundu. Tusiende?

*Jibu:* Mwone daktari wake kabla ya kukata tiketi. Mtoto wa selimundu akipata malaria anaweza kuishiwa damu haraka sana. Asiache dawa yake ya kila siku ya kuzuia malaria hata siku moja, na anywe maji mengi njiani.

Omwana wa Mumias: Sista, mmetusema sana na mbu wetu! Ninyi mnaleta vikohozi, mkiondoka kukhu (nyanya yetu) analazwa.

*Jibu:* Ni kweli kabisa, ndugu. Mtoto anayekohoa asilale chumba kimoja na kukhu wala kula naye sahani moja. Na hakikisheni chanjo ya surua imekamilika, miezi 9 na 18. Magonjwa si mzigo wa upande mmoja tu.

Mama Blessing: Mwaka jana binti alitibiwa malaria Busia akamaliza dawa. Tuliporudi, kile kipimo cha kidole kikasema bado anayo. Alipewa dawa upya.

*Jibu:* Kipimo hicho hutafuta protini ya kijidudu, nayo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata kijidudu kimeshakufa. Ikitokea tena, omba damu iangaliwe kwa darubini. Pakiti ya dawa aliyomeza usiitupe, hata ikiwa tupu. Andika juu yake tarehe ya dozi ya kwanza na ya mwisho, uje nayo.